Nyumba Tuliyoifungia Kichiwa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale kijijini kwetu Kichiwa, mwanangu, tulipomtoa mama katika nyumba aliyotuzalia sote. Nilikuwa binti bado, sijaolewa. Baba tulikuwa tumeshamzika. Kaka yangu Festo, mkubwa wetu, alikuwa amejenga mjini Makambako, karibu na njia panda ya malori, nyumba ya bati jekundu yenye maji ya bomba ndani. Alisema haifai mama abaki peke yake shambani na kile kikohozi chake. Hapo hakukosea. Mzazi hatupwi.

Nyumba ile ya Kichiwa aliijenga babu, mzaa baba. Ujanani alijifunza uashi misheni, akarudi nyumbani akafyatua matofali kwa udongo wa bondeni, akayachoma kwa kuni za miti ya miwati. Msingi aliuweka wa mawe. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba sisi watoto tulikaa ndani ya dirisha, magoti kidevuni, tukitazama mvua. Juu aliezeka vigae vya udongo alivyovichoma mwenyewe. Sebuleni, kwa sababu ya baridi yetu hii, alijenga meko ya ukutani yenye bomba la moshi. Jikoni aliuacha moshi upande wenyewe mpaka darini. Huko mahindi yalikaa mwaka mzima na mdudu hakuyasogelea. Wageni walikuwa wakisimama barabarani kuitazama. Sisi tuliiona ya kawaida tu, maana uliyezaliwa ndani ya kitu hukistaajabii.

Siku ile ya kuhama alikuja Veronika, binti wa mama mdogo, pamoja na mumewe. Walikuwa wamebanana katika kibanda cha kuazima, na watoto walikuwa wanaongezeka. Akapiga goti mbele ya mama.

"Mama mkubwa, tuachieni tukae humu. Tutalima, tutawaletea mahindi."

Mama alimtazama Festo, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mjane, nyumba ni ya ukoo wa baba. Alijua neno la mwisho si lake.

"Waacheni wakae," alisema. "Nyumba inataka mtu."

Festo alijibu kwa upole. "Mama, hii ni kumbukumbu ya babu. Watu wakikaa wataiharibu. Tuifunge vizuri, tuitunze."

Nami nikasema, "Kaka anasema kweli." Nilisema kwa mapenzi, mwanangu. Niliipenda nyumba ile kuliko wote, na sikutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Basi tukaifagia, tukafunika viti kwa mashuka, tukafunga madirisha ya mbao, tukatia kufuli kubwa mlangoni. Veronika akainuka, akapangusa vumbi magotini, akatusaidia kubeba mizigo mpaka kwenye gari. Alinibebea hata sanduku langu.

Kule Makambako mama hakukosa kitu. Alikula, alivaa, kikohozi kilipungua. Lakini kila aliyetoka Kichiwa alimuuliza swali lilelile: "Nani anawasha moto kule kwangu?" Sisi tulicheka. Tulidhani ni uzee.

Festo alikuwa akipita huko akienda kuangalia shamba. Akifika hutikisa kufuli, huliona limeshika, hurudi kutuambia nyumba ni nzima. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, bali fungua uingie ndani. Hakuna aliyeingia.

Nyuma, juu ya sebule, kigae kimoja kilikuwa kimeteleza. Enzi za baba kigae kikiteleza, tone la kwanza lilimwangukia mtu. Asubuhi baba alipanda ngazi akakirudisha, akashuka kunywa chai. Safari hii tone liliangukia kiti, na kiti hakisemi. Maji yakaingia ukutani. Babu aliunganisha matofali yake kwa tope, kama walivyojenga wengi wakati ule, na tope likilowa mvua baada ya mvua hurudi kuwa tope. Mbao za paa nazo, kwa kukosa moshi, zikaliwa na bungua.

Masika kadhaa yakapita. Siku moja mama akaomba tumpeleke Kichiwa kuweka maua kwenye kaburi la baba. Tulifika mchana, jua linawaka. Ukuta wa nyuma wa sebule ulikuwa umelala bustanini. Paa lilikuwa limeingia ndani, vigae vimevunjikia juu ya viti vyetu, na majani yameota katika meko.

Mama hakulia. Alizunguka polepole, akigusa tofali hili na lile. Festo akasema atatafuta mafundi. Mama akamkatiza.

"Hamkuitunza, Festo. Mliivisha sanda. Mlimnyima Veronika nyumba, mkaipa mvua."

Kisha akanigeukia. "Na wewe Yustina, ulisema unaipenda. Mtu anayependa hamwachi mpenzi wake peke yake gizani."

Niliinama nikaanza kuokota vipande vya vigae.

Upande wa jiko ulikuwa umesalia. Mama akakataa kupanda gari. Festo mwenyewe akaenda kwa miguu kumwita Veronika, na Veronika alinisimulia baadaye kwamba njiani kaka yangu aliomba radhi huku ametazama chini. Veronika akaja na kuni kichwani, akawasha moto jikoni. Siku zilizofuata mumewe alipanga upya vigae vilivyosalia, akaziba upande uliobomoka. Mama aliishi nao pale mpaka Mungu alipomchukua.

Kipande kile kipo hadi leo. Kimechakaa, chokaa imepakwa ovyo, mlango mmoja ni wa bati, lakini kimesimama. Sebule hatukuweza kuirudisha. Waliojua kuchoma vigae vile walikuwa wamekwisha kufa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwauliza.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea mpaka amekuwa mtu mzima. Ninyi vijana mnajenga nyumba nzuri kijijini, mnazifunga, mnazifungua Krismasi na kwenye misiba. Za babu zenu mnazifunga kwa heshima. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huo atauona nani kama ndani hakuna mtu? Mkabidhi ndugu ufunguo, au mkabidhi jirani. Akitoboa, atatoboa tundu la msumari. Mvua haitoboi tundu, huangusha ukuta mzima. Na fundi mzee akiwa angali hai, kaa naye umwulize, ujifunze kazi yake.

Mungu akujalie ndugu ambao huoni aibu kuwafungulia mlango. Akupe masikio ya kumsikia mzazi wako angali anasema. Na utakapozeeka, ukute watu ndani ya nyumba yako, wengi kuliko viti.