Daktari Aliyeomba Kimya

Daktari Ndululu alikuwa na tabia moja iliyowaudhi mawakili wa Kitui: hakukubali kusimama kizimbani kueleza ubongo wa mtu aliyeumia kabla hajashinda nyumbani kwa mtu huyo mchana kutwa, akitazama tu. Wenzake waliwapima wagonjwa ofisini wakamaliza. Yeye alikula vumbi hadi kijiji cha Tulia, na koti lake kubwa kama la kuazima.

Ndivyo alivyomfahamu Kavata, msusi wa viondo, vikapu vya nyuzi, aliyegongwa na lori sokoni mwaka wa 1983. Kidonda cha kichwa kilipona, lakini tangu hapo maharagwe yaliungua jikoni naye ameketi kando ya moto. Majirani walisema ni uvivu. Mumewe, Mwangangi, alikuwa ameanza kuwaamini, na alishatamka kwamba kesi ya kumdai fidia mwenye lori ikishindwa atamrudisha kwao.

Mahakamani, wakili wa mwenye lori alikuwa na maneno matamu. Alimuuliza Kavata jina la chifu, siku ya soko, namna ya kupika muthokoi. Akajibu yote bila kukosea.

"Mheshimiwa, huyu mama ni mzima kabisa," wakili alisema. "Ni kazi tu hataki."

Mwangangi aliinamisha kichwa kwa aibu.

Daktari alipopewa nafasi, hakutafuta maneno makubwa. "Anajibu kwa sababu anaulizwa," alisema. "Kilichoumia ni ile sehemu inayomwambia mtu, sasa fanya hili, kisha lile. Naomba apewe kiondo chake, halafu sisi wote tunyamaze."

Hakimu akakubali, akaamuru watu wote wanyamaze. Kavata akasuka, vidole vikienda mbio, vizuri hata wakili akatabasamu. Kisha uzi ukaisha. Nyuzi nyingine zilikuwa pale pale mapajani pake, lakini vidole vilisimama. Akabaki anakitazama kiondo. Mahakama ikangoja, ikangoja, mpaka watu wakaona uchungu. Daktari alitokwa na jasho shingoni wala hakufungua mdomo. Kunyamaza hivyo, mbele ya mgonjwa wako, kunataka moyo.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Mwangangi. Aliinuka kwenye benchi, amri ya hakimu imemtoka kabisa akilini.

"Mama Mutindi," alimwambia mkewe polepole, "unganisha uzi ingine."

Papo hapo vidole vya Kavata vikaanza tena kusuka.

Hakimu aliinama akaandika. Mwangangi hakungoja hukumu. Alipita mbele ya watu wote, akaketi karibu na mkewe, na uzi ulipoisha tena, akamwambia tena.