Ukuta Tuliouziba

Mke wangu alianza kukohoa masika ya pili tangu tuhamie nyumba mpya, na kikohozi chenyewe kilitoka ukutani. Simsingizii mtu. Nimechoka tu, na mtu akichoka anaongea.

Nyumba alitujengea mwanangu, huku huku kijijini Ibaba. Yeye anaendesha lori, anavuka Zambia na kurudi, na kule Tunduma aliziona nyumba zinazoficha paa: ukuta unapanda juu kuliko mabati, ukisimama barabarani huoni bati hata moja, unaona kama sanduku. Akataka na yetu iwe hivyo. Nikamwambia mwanangu, huku kwetu mvua hainyeshi, inakaa. Inaingia asubuhi na ukungu wake, jioni bado ipo, kama mgeni asiye na kwao. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na upenu mrefu, kuku na kuni na mimi tulikaa chini yake hatulowi. Akasema, "Baba, upenu ni mambo ya zamani." Sawa. Anayejenga ni yeye. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe muda mwingi nilikuwa nachunga ng'ombe wa mwalimu. Ng'ombe mmoja alikuwa na pembe moja, mkorofi ajabu. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Huko juu, pale bati linapokutana na ukuta, fundi alitakiwa aingize kipande cha bati ndani ya tofali, akikunje, kifunike. Hakuweka. Alipaka silikoni. Ni ile gundi nyeupe ya kwenye tyubu, unaikamua kwa kitu kama bunduki, ikikauka inakuwa mpira. Kwenye kioo inashika. Kwenye lipu yenye vumbi inashika msimu mmoja, jua likishaipiga inabanduka kama gamba la kidonda. Haya nimeyajua juzi. Wakati ule nilijua tu kwamba masika yalipoingia, ukuta wa chumba chetu ulilowa, na kwa nje, chini ya dirisha, ukatoka mchirizi wa maji ya rangi ya chai.

Mke wangu akampigia simu mkamwana wetu, mke wa huyo dereva. Ana duka la vifaa vya ujenzi Tunduma, dogo, misumari, rangi, mabomba. Kesho yake konda wa gari akanipigia kelele barabarani mbele za watu, "Mzee! Bunduki yako imefika! Usiue mtu!" Ilikuwa bunduki ya silikoni na tyubu zake, na ujumbe kwamba baba azibe pale maji yanapoingia.

Nikaziba ufa wa chini ya dirisha, pale mchirizi ulipokuwa unatokea. Nikaona pia kwenye fremu ya alumini, chini kabisa, kuna vitundu vidogo viwili. Nikasema fundi huyu mvivu kweli, hata matundu kayaacha. Nikaziba na hivyo.

Ukuta ukazidi. Mke wangu akapiga tena simu, zikaja tyubu nyingine.

Hapa lazima nieleze jambo, maana mtu wa mbali atauliza kwa nini sikusema na yule binti mwenyewe. Kwetu Wandali mkamwana na baba mkwe hawasemezani. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, akinikuta njiani anapinda. Wengi siku hizi wameacha, wanapiga picha wamekumbatiana. Sisi bado. Si chuki, ni heshima, na yule binti ananiheshimu kuliko hata wanangu. Kwa hiyo neno langu linapita kwa mke wangu, linafika kwake limekuwa fupi, na jibu lake linarudi likiwa ni tyubu. Mimi nazo nifanye nini? Zawadi ya mkamwana huiweki darini. Akija kusalimia atatazama ukutani aone kama baba ameitumia. Basi nikapaka. Kila palipotoka unyevu nikapaka, mpaka jirani yangu akasimama barabarani na jembe begani, akacheka.

"Mzee mwenzangu, nyumba yako ina mafua?"

"Kwa nini?"

"Naona makamasi mpaka kidevuni."

Nilicheka naye, lakini usiku sikucheka. Mama wa watoto alikuwa anakohoa mpaka anakaa kitandani, ameshika kifua. Nyuma ya kichwa chake ukuta ulikuwa mweusi wa ukungu. Tukahamisha kitanda, ukungu ukatufuata. Mwanangu akapiga simu toka safarini, hakuzunguka: "Baba, ukuta huo usipokauka namchukua mama aje kwangu." Nikamwambia utakauka. Miaka yote niliyokaa na huyu mwanamke sijawahi kupika uji wangu mwenyewe, lakini si uji nilioufikiria. Nilifikiria ile nyumba, vyumba vinne, na mimi mmoja ndani yake.

Ikapita wiki bila mvua. Jua zuri, watu wakaanika maharage. Mke wangu akaweka kiganja ukutani, akaniita.

"Weka mkono hapa."

Nikaweka. Maji.

"Mvua imenyesha lini?"

"Wiki iliyopita."

"Sasa haya yameingia leo wapi? Hayaingii haya. Yamo. Yanaingilia juu, yalikuwa yanatokea pale chini, wewe umeyafungia. Umeifunika nyumba kama sufuria ya ndizi."

"Si mkamwana wako alisema niz..."

"Alisema uzibe yanapoingia. Wewe uliyaona wapi yakiingia?"

Nikachukua kisu cha kumenyea viazi, nikapanda ngazi, nikaanza kubandua.

Nikiwa huko juu, mkamwana akatokea kona ya nyumba. Alikuwa amekuja bila taarifa, mtoto mgongoni, na kichwani boksi zima la silikoni. Kwa desturi alipaswa kugeuka. Akasimama kweli ameelekeza uso kwenye migomba, akazungumza na mtoto.

"Muulize babu anafanya nini."

Mtoto hana hata jino. Nami nikamjibu mtoto, nikitazama ukuta. "Mwambie mama yako babu anafungua. Maji yamejaa ndani."

"Mwambie babu akifungua yataingia mengi."

"Mwambie mama yako atazame mwenyewe."

Nikashuka ngazi, nikavuta ule utepe wa silikoni wa chini ya dirisha. Ukatoka wote kwa pamoja, mrefu, kama mnyoo, na maji yakafuata, mekundu kwa udongo wa tofali, yakatiririka mpaka kwenye miguu ya ngazi. Nikachokoa na vile vitundu vya fremu, kumbe viliwekwa vya kutolea maji, navyo vikatoa. Binti akasahau migomba, akageuka, akatazama. Akaliteremsha boksi lake polepole.

"Mwambie babu," akasema, sauti imepungua, "mama yako hakujua. Kila tyubu aliyotuma alijua inasaidia."

"Mwambie mama yako hata babu alijua hivyo."

Mke wangu akapaza sauti toka dirishani. "Mwacheni huyo mtoto! Mnamtuma huku na huku atachoka kabla hajatambaa." Halafu kikohozi kikamkamata, kirefu, akashika nondo za dirisha.

Hapo binti hakupitia kwa mtoto tena. "Baba," akasema, bado kainamisha kichwa, "paa haliwezi kufunguliwa sasa. Mpaka kiangazi. Naomba niondoke na mama leo."

Nikamtazama mke wangu. Aliyejibu ni yeye, tena alinijibu mimi. "Naenda. Hiki kifua hakingoji kiangazi. Utakula kwa jirani, na kuku wafungie mapema."

Walipanda gari la jioni. Boksi la silikoni lilirudi nao dukani.

Mwanangu amekubali kwamba kiangazi atashusha ule ukuta unaoficha paa, bati zitoke nje zionekane. Amekubali kwa shingo upande, anasema nyumba itakuwa kama godauni. Na iwe godauni. Mimi nalala sebuleni. Jana mke wangu kanipigia, kauliza ukuta ukoje. Ningeweza kumwambia umekauka, angerudi na gari la asubuhi. Nikasema bado mbichi. Akasema basi, tungoje. Tukaongea habari za mbolea, na za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye maharage yetu, tukaongea mpaka salio likaisha, na muda wote huo hakukohoa hata mara moja.