Ungo wa Ulezi Kwenye Lori la Tajiri

Juzi mjukuu wangu alinipitia nyumbani Malangali anipeleke kanisani kwa gari lake. Ni gari kuukuu, kalinunua kwa mtu akalipaka rangi ili lionekane binti. Tulipoanza kupanda kilima akakanyaga mafuta, na meno yangu manne yaliyobaki yakaanza kugongana. Gari zima linatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Ni barabara hiyo, Bibi," akasema.

"Barabara ni lami, na mimi si kipofu. Toa mguu."

Akatoa. Likatulia. Nikamwambia kanyaga tena, likaanza tena. Basi nikamwambia hiyo ni propela, atafute fundi alale chini ya gari aziangalie krosi. Alinikodolea macho kama mbuzi aliyesikia kengele ya misa. Mwanamke wa darasa la pili, baiskeli tu hajawahi kuendesha, propela ameijulia wapi?

Nimeijulia kwenye ungo, mwenzangu. Kaa nikusimulie, maana ndani yake kuna kipande ambacho sijamwambia mtu mpaka leo.

Baba yangu alikuwa dereva. Siku hizi kila mtu dereva, lakini wakati ule wa Mwingereza madereva wa Ufipa yetu ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja wa mjini Sumbawanga, Mwislamu, mtu wa kanzu nyeupe na duka la nguo na chumvi. Lori lilikuwa likishuka Kipili ziwani na mahindi na ulezi, likirudi juu na samaki wakavu na watu wamekaa juu ya magunia. Baba akiingia nyumbani alinuka petroli na samaki wa migebuka, na mpaka leo hiyo ndiyo harufu ya mwanamume kwangu. Wanangu wakisikia hivyo wanacheka. Wacheke.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba. Bibi alilima ulezi, akapepeta ulezi, akapika ugali wa ulezi mweusi unaokaa tumboni mpaka jioni, na Jumamosi akapika pombe ya ulezi ambayo watu walitoka mbali kuifuata. Asubuhi niliamshwa na sauti ya ungo wake, sha-sha-sha, kabla jogoo hajajua kama kumekucha. Ubaridi wa Ufipa unaujua, ule wa kukunja vidole vya miguu. Basi mimi nilikuwa nikikaa nyuma yake nimejikunyata, naziangalia punje zikihama zenyewe, nzito huku, makapi kule. "Punje haisemi uongo," alikuwa akiniambia. "Ukiutikisa ungo vibaya, itakusema."

Mwaka ninaousema, vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha lakini madukani bado mambo yalikuwa magumu. Baba alikuwa ameniahidi kwamba safari moja atanichukua Kipili nikalione ziwa. Niliambiwa ni maji mpaka macho yachoke. Niliwatambia watoto wenzangu wote, hata wasiouliza. Siku ikapangwa. Tungeondoka alfajiri, watu kumi na mmoja, mimi wa kumi na moja.

Ndipo lori likaanza kutetemeka.

Baba alilieleza vizuri kwa tajiri. Kwamba likisimama huku linaunguruma halina neno. Kwamba likitembea tambarare, halina neno. Lakini likipewa mzigo na mlima, akikanyaga mafuta, sakafu yote inatetemeka mpaka miguu inawasha, na akitoa mguu linanyamaza. Fundi wa tajiri akabadilisha tairi, za mbele nyuma, za nyuma mbele. Akakaza bolti za kushikia injini. Kisha akalizungusha mjini likiwa tupu, akarudi akasema zima.

Baba hakukubali. Alijua ule mlima wa kupandia kutoka ziwani. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Breki za lori lile zilikuwa za kuombea dua, kinachokushikilia pale ni injini tu, na nguvu ya injini inafika magurudumu ya nyuma kwa nguzo moja ndefu ya chuma inayozunguka chini ya gari. Ndiyo propela hiyo. Ikikatika mlimani, injini inabaki inapiga kelele bure na lori linarudi nyuma na watu wake.

Tajiri alichoka kusikiliza. Ilikuwa adhuhuri, mbele ya duka, wateja wamejaa, nami nipo, nimeleta chakula cha baba. Akasema, na sauti hakuipunguza, "Lori halitetemeki, bwana dereva. Unayetetemeka ni wewe, na kinachokutetemesha kinatoka kwenye mtungi wa mama yako. Kesho alfajiri unashuka Kipili au unanipa funguo."

Watu wakacheka. Baba alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena. Pombe hakuwa anaonja siku za kazi, wala siku za kuamkia kazi. Lakini dereva akishaitwa mlevi katika mji mdogo, nani atampa gari tena?

Nilirudi nyumbani mbio nikamwambia bibi. Alikuwa anapepeta. Akamwaga ulezi kwenye kitambaa, akafunga, akaweka ungo kichwani, akaniambia twende. Alitembea njia yote ya mjini bila kusalimia mtu, na hilo kwake lilikuwa sawa na mtu mwingine kutembea na panga.

Tajiri alipomwona akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akaitikia, halafu akaendelea kwa Kifipa, kirefu, pasipo kuvuta pumzi. Baba akakohoa. "Mama anaomba tupande kilima kidogo, tajiri."

Tajiri akamwangalia. "Ulezi nanunua vijijini miaka yote hiyo, Kifipa nakijua. Mama yako amesema nina kichwa cha boga na macho ya boga. Sasa nitafsirie na yaliyobaki."

Yaliyobaki yalikuwa haya. Lipakiwe magunia, maana punda hachechemei bila mzigo. Tajiri mwenyewe apande nyuma, aone kwa hayo macho yake. Fundi akae na baba mbele, amnuse pumzi kama anataka. Ungo wa ulezi uwekwe sakafuni, na ulezi ndio utasema nani anatetemeka.

Sijui kama ni heshima kwa mama mzee au ni aibu mbele ya wateja, lakini tajiri alikubali. Magunia yakapangwa kulia na kushoto, ikaachwa njia katikati. Tukapanda, tajiri na kanzu yake, bibi, na mimi. Utingo akaning'inia nyuma na gogo lake la kuzuia gurudumu. Kazi yangu ilikuwa kukaa na ungo ili usiteleze. "Uguse ukingo kwa vidole tu," bibi alisema. "Usiubane."

Tukaanza kilima. Baba akakanyaga. Ungo ulikuwa nyuma tu ya kibanda cha dereva, karibu na injini, na punje zilitembea kidogo kama watu waendao sokoni bila haraka. Tajiri akatabasamu. Bibi akaashiria nisogee. Nikasogeza ungo mpaka katikati ya lori, na hapo nikasikia mtetemo unapanda kwenye mapaja yangu.

Sasa nisikilize. Nilikuwa mtoto, lakini mjinga sikuwa. Nilijua punje zikicheza, lori halishuki kesho, na ziwa silioni. Nilishawatambia wenzangu. Nikauteremshia ungo magoti yote mawili, nikaukandamiza na viganja kwa nguvu zangu zote. Ulezi ukatulia. Ukalala kama maji ya mtungini.

"Unaona, mama?" tajiri akasema. "Ulezi umelala."

Bibi aliangalia ulezi. Kisha akaangalia magoti yangu. Nilitamani magunia yaniangukie. Hakunifinya, hakunipigia kelele. Aliinama kama anayeuweka ungo sawa, akaninong'oneza, "Kesho mlimani lori likirudi nyuma, baba yako utamshika kwa magoti hayo hayo?"

Nikaachia.

Punje ziliruka, mwenzangu! Zilipanda hewani kama kumbikumbi baada ya mvua, zikamwagika ukingoni, nyingine zikampata tajiri kwenye kanzu. Bibi akapiga kibanda kwa ngumi. "Toa mguu!" Ulezi ukalala wenyewe. "Kanyaga!" Ukaruka. "Toa!" Ukalala. "Kanyaga!" Na safari hii chini yetu kikalia kitu, kang! kama nyundo juu ya jiwe, lori likashtuka, likaanza kurudi. Kidogo tu. Mimi nilikiona kile kidogo, ile miti kando ya njia ikienda upande usio wake. Baba anavuta breki, utingo ameruka, anasukuma gogo chini ya gurudumu, na gogo linasaga udongo, linasaga, linasaga, likashika.

Nilisikia pumzi ya tajiri.

Fundi akaingia chini ya lori. Propela ina viungo vyenye umbo la msalaba, ndizo krosi, na fundi alitoka amefungua kiganja. Kulikuwa na vumbi jekundu kama ugoro. Mkono mmoja wa msalaba ulikuwa umekwisha kusagika, mwingine umepasuka kikombe cha chuma kinachoushikilia. Kilichobaki kuishikilia propela, alisema, ni mazoea.

"Chuma hiki kimekufa kwa kiu," bibi akasema. Baba yake alikuwa mhunzi, chuma alikijua. "Mlikinywesha nini?"

Fundi akamwangalia tajiri, tajiri akaangalia viatu vyake. Grisi ilikuwa haipatikani, kwa hiyo tajiri alikuwa ameagiza viungo vijazwe mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa. Nayo chuma kikipata moto yanayeyuka tena, yanadondoka yote.

"Ndiyo maana mbwa wa mji mzima wanalala chini ya lori lako," bibi akasema. "Sisi tulidhani wanafuata kivuli."

Utingo alicheka peke yake, akaacha. Baba alikuwa amesimama anaiangalia njia tuliyopandia. Najua alikuwa anahesabu watu, maana midomo ilitembea mpaka kumi na moja, kisha akaniangalia mimi.

Tajiri alivua kofia. "Mama, mtungi wako nimeusingizia."

"Mtungi hauna masikio," bibi akajibu. "Mwambie mwanangu."

Akamwambia, pale pale mlimani, fundi na utingo wakisikia. Na Ijumaa alimwambia tena mbele ya duka, wateja wakiwepo. Hilo nalo niliseme, haki yake.

Krosi nzima zilitolewa kwenye lori bovu lililokuwa nyuma ya duka, lakini kazi ilichukua siku, mvua zikaanza, na lori liliposhuka Kipili mimi sikuwemo. Baba alishangaa siombi kwenda. Bibi hakushangaa. Ziwa nililiona nikiwa mke wa mtu, na kweli macho yalichoka. Bibi alikufa na siri yangu hakumwachia mtu.

Baba naye, tangu siku ile, aliweka ulezi kwenye kopo dogo la bati mbele ya usukani, miaka yote aliyoendesha. Akiwa mlimani alilitazama kopo kuliko barabara. Leo lori halipo, hata chuma chake hakijulikani kililiwa na nani. Duka la tajiri wanauza simu. Sauti ya ungo alfajiri siisikii tena, unga unakuja umefungwa kwenye mfuko, hata makapi hujui yalikuwaje. Kopo ninalo mimi. Ulezi haubunguliwi, kwa hiyo punje ni zile zile.

Jana fundi alimrudishia mjukuu gari, akamwambia krosi ilikuwa imekwisha, amebadilisha. Mjukuu akaja kunionyesha jinsi lilivyotulia. Nikamwambia sisadiki kwa mdomo. Nikachukua kopo, nikalifungua, nikaliweka sakafuni kati ya miguu yangu, tukaenda kile kilima kile kile.

"Kanyaga," nikamwambia.

Mikono yangu niliiweka mapajani, na magoti nikayaweka mbali.