Mtungi Usiotoa Jasho

Jamani, kuna aibu mtu anatakiwa azikwe nazo, lakini hii nawasimulia mwenyewe, maana Majengo nzima wanaijua na bora nyie mnicheke nikiwepo.

Mnajua nafinyanga huku Katumba. Bibi alinifundisha mitungi ya maji, halafu mimi nikaanza kuangalia kwenye simu mafundi wa Japani wanavyopaka vyungu vyao majivu yaliyokorogwa na udongo, wakivichoma vinang'aa kama sahani. Nikasema, majivu? Si yamejaa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku! Nikachoma, nikapasua (tanuru zima, mara mbili), mpaka mtungi mmoja ukatoka mzima, kijani kama ganda la tikiti. Nikaupeleka kwa Mzee Hamisi mwenye duka Majengo, maana akiukubali ningeacha vibarua vya tumbaku nibaki na udongo wangu.

Akaugonga kwa kidole. "Mama Neema, unapoza maji?"

Ningesema sijui. Nikasema, "Kama friji, mzee!"

Basi Ijumaa akaujaza maji asubuhi, akauweka barazani, akawaalika watu wakitoka msikitini waonje. Kumbe mtungi wa bibi unapoza kwa sababu unatoa jasho, na mimi jasho lote nimeliziba kwa majivu (mfinyanzi mzima, miaka ishirini!). Mzee wa kwanza akapiga funda, akaniangalia.

"Binti, haya ya kunywa au ya kuogea?"

Watu hoi kwa kicheko, na mimi badala ya kukiri nikadai mtungi mpya lazima uzoee, nikaunyanyua niupeleke kivulini, ukaniteleza kama sabuni, maji yote yakaishia kwenye kanzu za Ijumaa, mtungi ukabiringika hadi barabarani. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyeuokota ni Bi Mwajuma, mke wa Mzee Hamisi. Akaugeuza, akautafuta ufa, hakuna.

"Umekaa na maji tangu asubuhi, haujavuja?"

"Haujavuja, mama. Lakini haupozi. Nilidanganya." Nimesema mbele ya kadamnasi, machozi yananilenga.

"Nani kakuuliza maji? Achari yangu inaharibu ndoo za plastiki kila siku. Niletee sita."

Kanzu nilizifua mwenyewe, sita nimepeleka, na shamba la tumbaku la watu sijakanyaga tena. Ila nimeapa: mteja akiniuliza nisichokijua nasema sijui, hata akiuliza jina langu.