Siku Niliyouliza Chama Kiko Wapi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipofika Matayos nimeloa mvua na roho haijatulia. Wakati huo nilikuwa mhadhiri kijana wa kilimo katika chuo kimoja hapa Busia, na sikuwa mtu wa kukaa mahali. Wikendi nilienda Malaba kutazama malori yakivuka kwenda Uganda, nikijiambia siku moja na mimi nitavuka. Hata nilikuwa nimeitwa mahojiano ya kazi kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, Jumatatu iliyokuwa inakuja.

Kilichonipeleka Matayos ni Nafula. Yeye alifundisha kemia, na ofisini tulikaa meza moja. Alikuwa ametoka likizo ya uzazi akakuta darasa lake limepewa mtu mwingine na mkataba wake umekatwa. Aliketi mezani petu, mtoto mgongoni, na wenzetu wote wakainamia chai zao kama watu walio matangani. Mwenzako akinyolewa, wahenga walisema, wewe tia maji. Mimi nilitaka kummwagia mtu hayo maji usoni.

Chama cha wafanyakazi wa vyuo kilikuwa kinakutana katika ukumbi wa kanisa. Sikuwahi kuhudhuria. Maombi ya kufungua yalipoisha tu, nikasimama.

"Dada yetu amefutwa kazi kwa sababu amezaa. Chama kiko wapi? Kinafanya nini?"

Mwenyekiti alikuwa Mzee Okiring, mwalimu wa hisabati aliyekaribia kustaafu, mtu wa kabila la Wateso, wa maneno machache. Aliniangalia mpaka nikaona haya.

"Madam, umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Chama ni hawa unaona hapa. Hakuna kingine kimejificha nyuma ya pazia. Ukiuliza chama kiko wapi, unauliza wewe uko wapi. Jumatatu asubuhi tunaenda kwa mkuu wa chuo. Utakuja, ama utatuachia?"

Jumapili yote sikukaa. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nikaenda mpaka Malaba, nikarudi. Asubuhi yake nilivaa nguo za mahojiano, nikasimama stendi, miguu ikitaka Tororo. Kisha nikapanda bodaboda kwenda chuoni. Mpaka leo siwezi kukueleza vizuri ni kwa nini.

Mkuu wa chuo aliniuliza mimi ni nani wake Nafula.

"Tunakaa meza moja," nikasema.

Akacheka kidogo, akasema atalifikiria. Tulirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Wengine wetu walichoka. Mzee Okiring alistaafu akarudi kwake Amukura, na uenyekiti ukaniangukia mimi. Muhula ulipokuwa unaisha ndipo baraza la chuo likakubali: mama akienda kujifungua, kazi yake itamngoja. Nafula naye arudishwe.

Nikakimbia kwake na habari hiyo, nikamkuta anafunga mizigo. Alikuwa amepata kazi Tororo, ile ile niliyoiacha.

"Sikuweza kungoja, dada," akaniambia. "Mtoto anakula kila siku. Lakini wewe usiache."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, sijui na nani. Niliyempigania amevuka; mimi niliyetaka kuvuka nimebaki na mikutano.

Mwaka uliofuata mhadhiri mwingine, binti wa kutoka Marachi ambaye hata hatukuzoeana, alienda kujifungua, akarudi, akakuta darasa lake. Hakujua lililindwa na nani. Alinipita kwenye korido akiwahi kipindi, na mimi nikasimama pale nikimtazama mpaka akaingia darasani.

Sasa wewe umeajiriwa chuoni, na umeniuliza kama ujiunge na chama ama utulie kwanza. Mwanangu, jifya moja haliinjiki chungu. Jiunge mapema, kabla shida haijabisha mlangoni kwako. Nenda kwenye mikutano, hata ile ya kuchosha, na ndiyo mingi. Ukiona chama kimelala, usisimame nje ukikilaumu, ingia ukiamshe. Na usidhani utatulia. Mimi nimezeeka, na bado nikisikia mwalimu ameonewa siwezi kuketi. Hiyo hali ya kutotulia usiiogope. Ipe kazi.

Mungu akupe wenzako wa kweli, akulinde utokapo na uingiapo. Na kila utakapokuwa mbali, asikose kuwapo mtu wa kukutunzia nafasi yako.