Magesa ameangukia mnadani, siku ya kliniki

Siamini mpaka saa hii. Magesa wangu wa Nyamuswa tumemzika jana.

Nyie mnaonijua mnajua mimi silii hovyo. Jana nimelia mbele ya wakwe zangu.

Tumechunga wote tangu wadogo. Kuchagua ng'ombe nilimzidi, hata yeye alikuwaga anakubali. Kuongea alinizidi yeye.

Alikuwa na presha. Kliniki ya presha kwetu ni Jumatano. Mnada nao ni Jumatano. Sasa mfugaji utamwambia aache mnada? Dawa zikiisha, ndio zimeisha.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema: "Bwana mifugo anatufuataga mnadani, anafunua ng'ombe mdomo, anamwangalia. Na sisi wenye ng'ombe tupo hapo hapo. Nesi naye si aje na mashine yake?"

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mzee anataka apimwe zizini!"

"Nipimeni hata huko," akasema, "ila msinichome sindano ya ndama."

Jibu la viongozi likawa ratiba ya kliniki imetoka juu. Basi, mkutano umeisha. Imetoka juu!

Jumatano iliyopita nikamwona mnadani, kashika kamba ya dume lake, anashikashika kichwa. Nikamwambia, "We mzee, nenda kliniki, hilo dume nakuuzia mimi."

"Wewe? Utakaa unajisifu mpaka mnada ufungwe!"

Hakumaliza kucheka. Mdomo ukaenda upande, kamba ikamtoka. Nilimdaka kwa mkono huu, dume nikalishika kwa huu mwingine. Muulizeni yeyote aliyekuwepo.

Bwana mifugo alikuwa karibu, begi limejaa dawa. Akaja mbio, akapiga magoti, akaniangalia.

"Mzee wangu, mimi ni wa ng'ombe."

Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia. Hospitali ya Bunda hatukufika naye akiwa hai. Nilijua kabla dereva hajajua.

Hiyo mashine ya presha inaingia kwenye kikapu cha sokoni. Nimeiona kwa macho yangu.

Sasa nyie wa ratiba, sikieni. Jumatano hii asubuhi nitakuwa mlangoni kwa nesi. Mashine nitaibeba mwenyewe mpaka mnadani, yeye atembee tu. Wakimkatalia, nakaa pale pale. Mnanijua nikikaa.

Magesa, dume lako liko kwangu, sijaliuza. Lala salama, ndugu yangu. Kamba ninayo.