Heshima ya Straton

Straton wa Kashuga alikuwa mwanaume wa heshima. Angekuambia mwenyewe kabla hujakaa. Vita vilimtoa kwenye shamba lake la viazi, vikamtupa kambini kama sisi wote, lakini alitembea amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Chakula chake kilitoka kwenye kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika mke wake Drocella. Kwa desturi yetu, Drocella alionja kwanza mbele ya kila mnywaji, asije akaogopa sumu.

Kisha tumbo la Straton likavimba, macho yakawa manjano. Njia ilipofunguka Drocella akampeleka Goma. Daktari aliwaambia waziwazi: ni kansa ya ini. Virusi vya homa ya ini vilikuwa vimekaa humo miaka mingi, na ukimwi, ambao Straton aliumezea dawa kwa siri, uliviongezea nguvu. Walikuwa wamechelewa. Drocella aliniambia hayo mimi tu, jirani yake, kwa siri.

Waliporudi, kaka yake Kanyamibwa alikuwa ameshakata shauri. Kwake tumbo likivimba ni karuho, sumu ya kulishwa, na mpika pombe si yuko nyumbani? Na Kanyamibwa huyo ndiye aliyenona kwa kasiksi hiyohiyo, tena ya bure! Akakusanya ukoo, na sisi majirani tukasogea.

"Straton, sema. Dokta alisema nini?"

Neno moja tu lingemwokoa Drocella. Alimwangalia mumewe, akangoja.

Straton akaliweka sawa shati lake. "Iko karuho. Dokta alishindwa kuitoa."

Mwoga mkubwa! Aliyelishwa sumu huliliwa, mwenye ukimwi hunong'onwa, naye akachagua kuliliwa. Nilitamani kumtemea mate.

"Na wewe, Mama Drocella, unasema nini?" Kanyamibwa akauliza.

"Yeye njo anajua," akajibu, akimwonyesha mumewe, basi. Ningekuwa mimi, ningeitangaza siri ile kambi nzima isikie. Yeye alifunga nguo zake, akachukua watoto, akarudi kwao Mpofi. Hata yeye alinikasirisha.

Haukupita muda, maumivu yakamzidi Straton. Akamwita kaka yake.

"Mutume muntu Mpofi. Muke wangu njo anajua dawa zangu."

"Dawa gani?"

Straton alimtazama sana, kisha akageukia ukuta wa turubai.

"Hakuna," akasema.

Tulimzika Jumamosi, kwa heshima zote.